Namna ya Kuendesha Utafiti wa Pamoja wa Ukuaji wa Uchumi kati ya Chuo Kikuu na Taasisi ya Sera

Ushirikiano wa chuo kikuu na taasisi ya sera mara nyingi huanza kwa hafla: hati ya makubaliano hutiwa saini, picha hupigwa, chai hunywewa, kisha kila upande hurudi ofisini kwake na faili huingia kabatini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaobaki na kazi baada ya hafla, yaani mhadhiri mwenye rundo la karatasi za mitihani mezani, mtafiti wa taasisi anayedaiwa ripoti tatu kwa wakati mmoja, na mhasibu ambaye hakuna aliyemshirikisha hadi siku fedha zilipoingia. Nimefanya kazi pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na mifano yangu mingi ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko ninakokujua, ingawa anayefanya kazi hii Nairobi au Kampala atayatambua mambo yenyewe bila taabu.

Kwetu jambo hili lina historia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha ofisi yake ya utafiti wa uchumi, ERB, miaka ya 1960, wakati ambapo wachumi wazalendo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Miaka ya 1990 ndipo zilipozaliwa taasisi za utafiti wa sera: ESRF na REPOA hapa Tanzania, EPRC ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1993 ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Makerere, na KIPPRA ya Kenya iliyoundwa mwaka 1997. Nje ya hapo iko IGC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa ukuaji wa uchumi, ambayo huendeshwa na London School of Economics kwa kushirikiana na Oxford, na ambayo ina ofisi katika nchi kadhaa za Afrika. Mgawanyo wa nguvu ni ule ule karibu kila mahali. Chuo kina mbinu, wanafunzi na subira ya miaka. Taasisi ina mlango wa wizarani na inajua ni afisa yupi anayeandika rasimu ya kwanza ya jambo lolote.

Anzeni na swali, na hati isubiri. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni pande mbili kutia saini mada pana, kwa mfano "vichocheo vya ukuaji wa uchumi", kisha kutumia mwaka mzima wa kwanza kubishana maana yake. Swali linalofaa kwa ushirikiano wa namna hii lina mwenyewe, yaani yupo mtu mwenye cheo kinachojulikana ambaye jibu la swali hilo litambadilishia kazi ya kesho. Chukueni mfano huu: kati ya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2011/12 na ule wa 2017/18, uchumi wa Tanzania ulikuwa ukikua kwa kasi ya asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka kwa mujibu wa takwimu rasmi, lakini kiwango cha umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kilishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4 tu. Kuuliza kwa nini ukuaji mkubwa hivyo umepunguza umaskini kidogo hivyo ni mwanzo mzuri, ila bado ni swali la kila mtu, na swali la kila mtu halina wa kulijibu. Likisogezwa likawa swali la kwa nini karakana ndogo za mijini haziongezi wafanyakazi hata mauzo yanapopanda, tayari kuna dawati la viwanda vidogo linalolihitaji, na kuna dawati la kodi litakalotaka kulisikia.

Lipo jaribio moja la kupima swali ambalo ningelishauri kwa kila timu. Andikeni swali juu ya karatasi moja, chini yake andikeni majibu mawili au matatu yanayoweza kupatikana, na mbele ya kila jibu andikeni serikali itafanya nini tofauti. Ikiwa mbele ya majibu yote mmeandika maneno yale yale, kwamba "mazingira ya biashara yaboreshwe", swali hilo liacheni, kwa sababu hakuna atakayejali matokeo yake yakienda huku au kule.

Baada ya swali ni kalenda, na hapa ndipo miradi mingi hufia. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Bunge hukaa Dodoma kuanzia Aprili kujadili bajeti za wizara, na hotuba ya bajeti kuu husomwa Juni. Watu wengi wa vyuo huishika tarehe ya Juni na kudhani kuwa matokeo yakitoka Mei yamewahi, kumbe kazi ya kweli imefanyika zamani: mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutolewa miezi mingi kabla, mapendekezo ya kodi hukusanywa na kuchambuliwa kabla ya wabunge hawajafungasha mabegi yao, na kufikia Aprili kinachobaki ni kutetea kilichokwisha kuandikwa. Nilishiriki katika mradi mmoja ambao ripoti yake ilikabidhiwa wiki ya pili ya Juni kwa fahari kubwa. Afisa aliyeipokea alitushukuru kwa adabu zote, akaifungua ukurasa wa mapendekezo, akasoma kwa kidole mstari baada ya mstari, kisha akasema, "Haya mngeniletea Novemba, ndugu zangu." Mwaka uliofuata alikuwa amehamishiwa mkoani, na aliyekalia kiti chake hakuwa na habari nasi.

Kwa hiyo chukueni Novemba kuwa mwisho wenu wa kutoa matokeo ya awali, kisha hesabuni kurudi nyuma. Uchambuzi unahitaji miezi mitatu hadi minne ikiwa data ni safi, na data haijawahi kuwa safi. Ukusanyaji hauwezi kuwekwa wakati wa masika, Machi hadi Mei, kama mnakwenda vijijini, maana barabara hukatika na mkulima yuko shambani kuanzia alfajiri. Upande wa chuo, mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba, na yako majuma ya mitihani ambayo mhadhiri hapatikani hata kwa simu. Mkishaondoa miezi yote hiyo mtabaki na dirisha dogo la Juni hadi Agosti kwa kazi ya uwandani, nalo ndilo dirisha ambalo taasisi nyingi za sera zinafunga hesabu za mwaka. Mgongano huo haukwepeki. Unachoweza kufanya ni kuuandika mapema katika mpango kazi, pamoja na jina la mtu atakayeshika nafasi ya mwenzake katika majuma hayo.

Sasa ndipo hati iandikwe. Sehemu za utangulizi zinazosifu historia ya pande zote mbili zinaweza kunakiliwa kutoka popote, na hakuna atakayezisoma tena. Vifungu vinavyostahili kupiganiwa ni vitatu. Cha kwanza ni umiliki wa data: semeni data ghafi itakaa kwenye seva ya nani, nani ana ruhusa ya kuitumia kwa kazi nyingine, na baada ya muda gani itafunguliwa kwa watafiti wengine. Cha pili ni uandishi. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala ya jarida, ilhali mtafiti wa taasisi hupimwa kwa muhtasari wa sera na mialiko ya wizarani, kwa hiyo ni rahisi kugawana kwa haki ikiwa mtagawana mapema: makala ya jarida iongozwe na upande wa chuo, muhtasari uongozwe na taasisi, na majina ya wote wawili yawe kwenye vyote. Msimsahau mwanafunzi wa uzamili au uzamivu aliyesafisha data usiku kucha, kwani mara nyingi ndiye pekee anayejua safu ya 47 ya jedwali ina maana gani.

Cha tatu ndicho kigumu, nacho ni nani anaweza kuzuia matokeo yasitoke. Taasisi za sera, hasa zilizoundwa na serikali au zinazotegemea wizara kwa kazi zake, zina hofu ya haki kabisa kuhusu matokeo yasiyopendeza, na chuo kina wajibu wa haki kabisa wa kuchapisha. Maelewano niliyoyaona yakidumu ni haya: mshirika apewe rasimu na siku 30 za kutoa maoni kwa maandishi, maoni ya ukweli yarekebishwe, maoni ya mtazamo yaambatishwe akitaka, na siku 30 zikipita chuo kiwe huru. Ruhusa ya kuchelewesha itolewe; ruhusa ya kukataa isitolewe.

Kuhusu fedha nitasema machache. Chuo cha umma hupitisha malipo kwenye mifumo ya serikali, taasisi ina akaunti yake na utaratibu mwepesi zaidi, na mkiziweka fedha zote upande mmoja, upande wa pili utajikuta ukiomba posho ya wadadisi kama anayeomba msaada. Wekeni fedha za uwandani pale zinapotoka haraka, fedha za wanafunzi pale wanaposajiliwa, na mkubaliane mapema kila taasisi itakata asilimia ngapi za gharama za uendeshaji. Mhasibu awepo katika kikao cha kwanza, na atakayechukua masurufu ya safari ajue siku ya kuyarejesha.

Vibali vinakula muda kuliko mnavyofikiri. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam barua za utafiti za wahadhiri na wanafunzi hutolewa kwa mamlaka ya makamu mkuu wa chuo. Lakini barua hiyo ni ufunguo wa mlango wa kwanza tu. Kutoka hapo inakwenda kwa katibu tawala wa mkoa, ambaye anaandika barua nyingine kwenda wilayani au kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye anamwandikia mtendaji wa kata, ambaye anampigia simu mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na hatimaye mjumbe wa nyumba kumi anatembea nanyi nyumba hadi nyumba. Msiruke ngazi hata moja kwa sababu mna haraka. Mjumbe asiyejulishwa anaweza kuwafungia mtaa mzima kwa sentensi moja tu, na atakuwa na haki. Zanzibar ina ofisi yake ya mtakwimu mkuu na utaratibu wake, hivyo sampuli inayovuka bahari ipangiwe muda wa pekee.

Kabla ya kukusanya data mpya, angalieni zilizopo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina utafiti wa kaya zinazofuatiliwa, ambao awamu yake ya kwanza ilifanyika mwaka 2008/09 kwa kaya 3,265, na ambao umeendelea kwa awamu kadhaa tangu hapo. Data za walipa kodi ni hazina nyingine, ingawa ni nyeti. Mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa kushirikiana na UNU-WIDER, taasisi ya utafiti wa uchumi wa maendeleo ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, imeweka Kampala maabara ambamo mtafiti hutumia rekodi zilizoondolewa majina na kutoka na majedwali yaliyokaguliwa, na Hazina ya Afrika Kusini ina utaratibu wa aina hiyo Pretoria. Mkiomba data ya namna hii, ombeni kwa mfano huo wa chumba kilichofungwa, maana hakuna mkuu wa mamlaka atakayewapa faili kwenye flashi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo namba za simu za wahojiwa zitengwe na majibu yao tangu siku ya kwanza. Vilevile soma Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 pamoja na marekebisho yake: kifungu kilichowatia hofu watafiti mwaka 2018, kilichogusa takwimu zinazopingana na zile rasmi, kililegezwa mwaka 2019, lakini bado ni busara kueleza mbinu zenu waziwazi na kuiarifu ofisi ya takwimu mapema.

Kuhusu dodoso, ruhusuni nirefushe kidogo, kwa sababu tafiti nyingi za ukuaji huharibikia mlangoni kwa mhojiwa wakati watu wa vikokotoo bado wanasubiri ofisini. Tulikuwa Keko, Dar es Salaam, mahali ambapo samani hutengenezwa kandokando ya barabara na vumbi la mbao hutua hadi kwenye kishikwambi. Mdadisi wetu, binti mhitimu mwenye bidii, alimuuliza fundi mwenye karakana ameajiri watu wangapi. Mzee akajibu, "Sijaajiri mtu, mwanangu." Binti akaandika sifuri. Nyuma ya mzee walikuwepo vijana watano, wawili wakipiga msasa kitanda, mmoja akipaka vanishi, wawili wakipasua mbao. Nilipomuuliza mzee kuhusu hao, alinitazama kana kwamba swali langu lina kasoro: "Hawa ni mafundi wenzangu, kila mmoja analipwa kwa kazi yake. Na yule pale ni mtoto wa dada yangu, anajifunza." Mzee hakudanganya. Neno "kuajiri" kwake lina mkataba na mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini mkigawanya mauzo ya karakana ile kwa mtu mmoja badala ya sita, mmempa tija mara sita ya ile aliyonayo, na mkifanya hivyo kwa karakana mia mbili mtaandika kwamba sekta isiyo rasmi ya Dar es Salaam ina tija ya kushangaza. Tulibadili swali likawa, "Jana, ukijihesabu na wewe mwenyewe, watu wangapi walishika kazi hapa?" Siku nzima ya majaribio ilikwenda kwa swali hilo moja, na sijawahi kuijutia.

Vijijini mtego wake ni kipimo. Mkulima anayesema amevuna magunia kumi anaweza kuwa na maana ya gunia la debe sita au lumbesa la debe nane, na tofauti hiyo ni debe 20 juu ya 60, yaani theluthi nzima. Ikiwa awamu ya kwanza ilihesabu magunia ya kawaida na awamu ya pili ikahesabu lumbesa, mtapata ukuaji wa mavuno wa asilimia 33 ambao haukuota shambani. Ulizeni debe ngapi zinajaza gunia, na ulizeni kila mara.

Ikiwa mna nia ya kurudi kwa watu wale wale baada ya miaka, jifunzeni Kagera. Huko Benki ya Dunia na chuo cha tiba cha Muhimbili walihoji zaidi ya kaya 900 kati ya 1991 na 1994, na wahusika wao wakafuatiliwa tena mwaka 2004 popote walipohamia, hata ng'ambo ya mpaka Uganda. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliochambua data hiyo waligundua kuwa waliohama vijiji na mitaa yao matumizi yao yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki. Matokeo hayo yasingepatikana kama waliohama wangefutwa tu kwenye orodha. Basi katika mahojiano ya kwanza kabisa andikeni majina mawili ya ndugu au majirani watakaojua mhojiwa alikohamia, na mtumieni salamu mara moja kwa mwaka.

Katika uchambuzi nitataja hatari moja tu, kwa kuwa nimeiona ikiwapata watu hodari. Pato la Taifa hupimwa upya kila baada ya muda kwa kubadili mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake ndizo msingi wa hesabu. Tanzania ilihamia mwaka wa kizio 2007 mwishoni mwa 2014, na ukubwa wa uchumi wa mwaka 2007 ukapanda kwa zaidi ya robo kwa kuwa shughuli zilizokuwa hazihesabiwi zilihesabiwa. Baadaye ikahamia 2015. Nigeria ilipofanya hivyo mwaka 2014 uchumi wake ulikua karibu maradufu juu ya karatasi. Mwanafunzi akiunganisha mfululizo wa zamani na mpya bila kuioanisha, ataona mruko mkubwa wa ukuaji na ataanza kuutafutia sababu, na kwa bahati mbaya sababu hupatikana daima: barabara ilijengwa, waziri alibadilika, mvua ilinyesha. Kila grafu ya mfululizo mrefu iandikwe chini yake mwaka wa kizio, na asiyejua aulize.

Matokeo yakipatikana, watu wa wizara wayaone kabla ya waandishi wa habari. Waendeeni Mtumba, kwenye mji wa serikali Dodoma, badala ya kuwaalika kwenye hoteli ya Dar es Salaam, na pelekeni kurasa nne za Kiswahili zenye jedwali moja. Ripoti ya kurasa 120 iwe mkobani kwa atakayeiomba. Mkutano huo uongozwe na mtu wa taasisi, kwa kuwa anajua lugha ya mezani pale, lakini aliyefanya hesabu awe kando yake, maana afisa mzoefu atauliza swali la pili kuhusu sampuli na hapo ndipo jibu la kubabaisha huua kazi ya miaka miwili. Rudini pia Keko na kule kijijini, hata kwa nusu siku, mkawaeleze mlichokiona. Mjumbe aliyetembea nanyi ataulizwa na watu wake kuhusu ninyi.

Kazi ya mwisho ifanyike kabla fedha hazijaisha, si baada. Mtafuteni mwanafunzi ambaye hakushiriki mradi, mkabidhini folda ya data, kamusi ya vigezo na programu za uchambuzi, kisha mwacheni peke yake kwa wiki moja azalishe upya majedwali yaliyo katika muhtasari wa sera. Folda moja ibaki chuoni na moja kwenye taasisi, kila moja ikiwa na tarehe na jina la mtu wa kuulizwa. Namba za mwanafunzi huyo zikitofautiana na zenu, malipo ya mwisho ya pande zote mbili yasubiri hadi tofauti ielezwe kwa maandishi.